Roboti yangu inageuka na kuzima kila upanga ukipiga: nifanyeje?

Swali, kutoka Mwanga, Kigoma: "Shikamoo fundi. Nina miaka 22, nimesomea kuchomelea. Tangu mwaka jana natengeneza roboti ya kupigana kama zile za mashindano ya kwenye televisheni. Ina kilo 38: betri ya gari N50, mota mbili za waipa kwenye matairi, na upanga wa springi ya Fuso unaozungushwa na stata ya pikipiki kwa mnyororo. Naiendesha kwa rimoti na rilei. Upanga ukianza kuzunguka, roboti nzima inageukia upande wa pili. Ukipiga tofali, roboti inarushwa nyuma na kuzima mpaka niiwashe upya. Nifanyeje ipige bila kuzima? Na je, naweza kuipeleka kwenye yale mashindano?"

Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya yote, nakuomba ufungue huo upanga leo hii uuweke ndani. Usiuzungushe tena mpaka umalize kusoma. Betri, mota na rilei umezieleza vizuri kabisa, lakini hukusema unasimama wapi unapoujaribu, wala umeuzungushia nini. Hapo ndipo niliposhtuka.

Tupige hesabu kidogo. Chukulia kipande chako cha springi kina urefu wa sentimita 40 na uzito wa kilo 2, na kinazunguka mara 3,000 kwa dakika. Ncha yake inakimbia zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Nishati iliyomo ni jouli 1,300 hivi, sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioangushwa kutoka mita 2.7, usawa wa kenchi za nyumba. Nguvu yote hiyo inaishia kwenye ncha yenye upana wa kidole. Na ukizidisha kasi mara mbili, nishati inazidi mara nne. Ndiyo maana mashindano ya roboti ya BattleBots ya Marekani, pamoja na ulingo wao uliozungushiwa kuta nene, wameweka kikomo: ncha ya silaha isizidi kama kilomita 400 kwa saa.

Miaka ya nyuma hapa Tabora nilifunga diski ya breki ya gari kwenye mota nikitaka iwe silaha. Diski nyingi za breki za gari ni chuma cha kusubu. Kinavumilia joto, lakini hakipindi. Kikizidiwa kinapasuka kama chungu. Pigo la tatu kwenye kipande cha engo, pembe ikakatika. Hatukuiona ikienda, tulisikia tu kishindo kwenye mwembe uliokuwa nyuma yetu, hatua kumi na tano hivi. Tuliichokonoa kwa patasi. Ilikuwa imezama kiasi cha kidole gumba na bado ina moto. Binti wa jirani alikuwa amepita hapohapo na ndoo ya maji muda mfupi kabla. Tangu siku ile sijazungusha silaha yoyote mahali pa wazi.

Springi yako ni chuma bora mara nyingi kuliko ile diski. Wahunzi hawakukosea kuichagua kwa mapanga na majembe. Lakini springi ya Fuso iliyotolewa kwenye gari imekwisha kupinda na kunyooka mara zisizohesabika kwenye makorongo, na chuma kilichochoka huficha nyufa ambazo jicho halizioni. Kuna njia ya kuzifichua niliyoshikishwa nikiwa kijana kwenye karakana ya reli. Safisha kipande kwa brashi ya waya mpaka king'ae. Kiloweke nusu saa kwenye mafuta ya taa uliyochanganya na oili chafu kidogo. Kitoe, ukifute kwa kitambaa mpaka kikauke kabisa. Kisha saga chaki ya ubaoni, inyunyize juu yake iwe nyembamba kama poda ya mtoto, gonga kipande taratibu kwa nyundo, halafu subiri dakika kumi. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatapanda yenyewe, nawe utaona mstari mweusi kama unywele uliolala kwenye chaki. Angalia zaidi ukingoni mwa tundu la katikati. Ukiuona mstari huo, kipande hicho si silaha tena. Usikichomelee.

Na hapa naongea na wewe kama mchomeleaji. Kama kitovu cha upanga umekichomelea moja kwa moja kwenye springi, kifungue ukitupe. Joto la elektrodi hubadilisha chuma cha springi: sehemu iliyo kandokando ya weldi inakuwa ngumu na kavu kama kioo, na pigo zito linaikata hapohapo. Upanga ushikwe kwa bolti katikati ya sahani mbili za chuma. Tundu lake lisitobolewe kwa moto. Mpe mhunzi akipashe kipande mpaka sumaku isikamate, akizike kwenye majivu kipoe polepole, nawe utakitoboa kwa keekee bila shida. Baada ya hapo akipashe tena hivyo hivyo, akizimishe kwenye oili, si kwenye maji, halafu akirudishie moto mdogo mpaka rangi ya bluu itokee. Asiruke hatua hiyo ya mwisho. Bila hiyo utapata upanga unaokata vizuri na kuvunjika vizuri.

Mahali pa kujaribia, chimba shimo la kina cha kiuno. Teremsha roboti humo, zungushia viroba vya mchanga juu ya ukingo, wewe na wenzako mkae nyuma ya ukuta wa tofali mkitazama kwa kamera ya simu. Asiwepo mtu usawa wa mzunguko wa upanga hata kama yuko mbali.

Sasa maswali yako.

Roboti kugeuka upanga unapoanza si ubovu. Stata inapousukuma upanga kwenda kulia, upanga nao unaisukuma stata kwenda kushoto, na stata umeifunga kwenye chesisi. Rilei yako inazidisha tatizo kwa sababu haijui kidogo kidogo: inatoa umeme wote kwa mara moja, kama swichi ya taa. Ukipata kidhibiti mwendo cha kielektroniki, upanga utapanda kasi taratibu na matairi yataweza kuishikilia roboti mahali pake. Matairi yenyewe yawe ya mpira laini. Tairi gumu la plastiki kwenye sakafu ya saruji linateleza kama sabuni.

Kurushwa nyuma ni habari ileile kwa sura nyingine. Umewahi kuruka kutoka kwenye mtumbwi pale Kibirizi ukaona mtumbwi unavyorudi nyuma. Upanga wa kulala kama wako unalisukuma tofali upande mmoja na wewe unasukumwa upande wa pili kwa nguvu ileile. Tofauti ni nani mzito na nani ameshika sakafu. Wengi wamehamia kwenye silaha ya kusimama, inayozunguka kama gurudumu la baiskeli na kupiga kutoka chini kwenda juu. Hiyo inamrusha mpinzani hewani, na wewe unagandamizwa chini, ambako sakafu inakubeba. Bite Force, iliyochukua ubingwa wa BattleBots 2018 na 2019, ilikuwa na silaha ya namna hiyo. Ina gharama yake: kitu kinachozunguka kwa kasi hakipendi kugeuzwa, kwa hiyo ukikata kona kali tairi moja linanyanyuka. Shika gurudumu la baiskeli kwa ekseli zake mikono miwili, mwenzako alizungushe kwa nguvu, kisha ujaribu kuligeuza. Utahisi mikono inapindwa. Roboti yako itahisi hivyohivyo.

Kuzima ndiko kunakonisumbua zaidi, kwa sababu roboti iliyozima imeshindwa hata kama upanga wake ni mkali kama wembe. Kwenye mashindano mengi, ikikaa bila kutembea inahesabiwa kama bondia aliyeanguka, na hesabu ya sekunde kumi ikiisha pambano limekwisha.

Ulipoandika "mpaka niiwashe upya" ulinipa nusu ya jibu. Umeona taa za gari zinavyofifia dereva anapopiga stata. Hilo hilo linatokea ndani ya roboti yako. Upanga ukigonga tofali unakwama kwa kufumba na kufumbua, na stata iliyokwama inavuta umeme kuliko wakati wowote. Volti za betri zinashuka ghafla, kipokezi cha rimoti kinakosa chakula, kinapoteza fahamu. Kipe betri yake mwenyewe. Zile ndogo nne za tochi, za volti 1.5 kila moja, zinatosha kabisa. Rudia jaribio ndani ya shimo. Ikiacha kuzima, umempata mwizi.

Ikiendelea, angalia antena. Kama kipokezi umekifungia ndani ya sanduku la chuma kila upande, mawimbi hayaingii vizuri. Antena itazame nje kupitia kidirisha cha plastiki. Kisha fuata nyaya moja moja kwa kidole. Waya uliolehemiwa kwa risasi ukaachwa unaning'inia hukatika palepale risasi inapoishia, na mara nyingi ganda la nje linabaki zima kwa hiyo huoni kitu. Vuta kila waya. Unaokatika mkononi mwako leo ungekatika ulingoni.

Ukiwa hapo, zitoe hizo rilei. Cheche ikiruka wakati rilei inaachia, vinywa vyake vya ndani vinaweza kushikana kabisa, na ikishika hivyo unaachia kitufe cha rimoti huku upanga unaendelea kuzunguka. Kabla ya roboti yoyote kuingia ulingoni waamuzi huinyanyua matairi, wanaiwasha, halafu wanazima rimoti. Kila kitu lazima kikatike umeme hapohapo. Fanya jaribio hilo kila siku kabla ya kazi. Weka pia kipande cha waya cha kuchomoa kwa mkono kinachokata umeme wote, ukiweke nyuma, mahali ambapo mkono hauvuki njia ya upanga, na pini ya chuma inayouzuia upanga usizunguke wakati wote ambao roboti haiko shimoni. Usalama wa vidole vyako uko kwenye vitu hivyo viwili.

Stata nayo iliundwa kufanya kazi sekunde chache tu, injini iwake, ipumzike. Kuiendesha dakika tatu mfululizo ni kuichoma. Na mota za waipa zina nguvu, hilo sikatai, lakini zinazunguka mara 60 hivi kwa dakika. Kwa tairi la sentimita 20 hiyo ni kama kilomita 2.3 kwa saa. Mama anayetoka sokoni na kapu la dagaa atakupita.

Hapo ndipo ninapotofautiana na vijana wengi wanaoniuliza. Wote wanaanza na upanga. Mimi nasema anza na matairi. Kwenye mashindano ya Robot Wars ya Uingereza ilikuwapo roboti Hypno-Disc, yenye gurudumu la chuma lililorarua roboti za watu vipande vipande, na iliogopwa kuliko zote. Haikuwahi kuwa bingwa. Katika fainali ya msimu wa tatu ilipigwa na Chaos 2, roboti yenye bapa la kubetulia linalosukumwa na gesi, na Chaos 2 ikachukua ubingwa tena msimu wa nne. Msimu wa sita bingwa alikuwa Tornado, ambayo sifa yake kubwa ilikuwa mbio na kusukuma. Mashine hizo ziliendelea kutembea wakati nyingine zimelala. Hata siku hizi ambapo silaha za kuzunguka zimetawala, majaji wanahesabu pia ushambuliaji na udhibiti, siyo uharibifu peke yake.

Kwa hiyo nakushauri ujenge upya, ndogo. Tafuta drili mbili za betri, hata mitumba, zile za volti 18. Ndani ya kila moja mna mota, mna giabox ya sayari (gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati) iliyotengenezwa kuvumilia kukwama, na kitako chake kina betri ya lithiamu yenye seli tano. Kwenye gia ya chini inazunguka kama mara 400 kwa dakika. Kwa tairi la sentimita 10 utapata zaidi ya kilomita 7 kwa saa, na hapo mpinzani atahangaika. Matairi yatokeze juu na chini ya chesisi ili roboti ikipinduliwa iendelee kutembea kichwa chini. Betri ya lithiamu iliyovimba usiichaji hata mara moja, na yoyote unayochaji ukae nayo, ndoo ya mchanga iwe karibu. Ikishika moto itoe nje kama unaweza na usivute moshi wake.

Funga kwa bolti zaidi kuliko kuchomelea. Najua mkono wako umezoea elektrodi, lakini roboti lazima ifunguke, kwa sababu muda wa kutengeneza kati ya pambano na pambano ni mfupi. Meli ya Liemba unayoiona bandarini ililetwa Kigoma kutoka Ujerumani ikiwa vipande ndani ya masanduku, kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi ziwani, ikaunganishwa hapo hapo mjini kwenu na kuteremshwa majini mwaka 1915. Ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Kitu kilichoundwa kwa vipande kinarudishika.

Chuma cha ziada tafuta kwa mafundi magari. Usinunue kipande chochote cha reli kwa wauza skrepa, wala bolti ya taruma. Ni kosa la jinai, na mimi niliyekula mkate wa reli najua bolti moja ikikosekana njiani kinachofuata ni nini.

Kuhusu kwenda kwenye mashindano ya televisheni. Mchezo huu ulianzishwa na Marc Thorpe huko San Francisco mwaka 1994, BBC ikaanza kuurusha 1998, na BattleBots ikaingia hewani Marekani mwaka 2000. Roboti kubwa za kwenye televisheni ni za kilo 113 kwa BattleBots, na zilikuwa kilo 110 kwa Robot Wars iliporudi 2016 hadi 2018. Yako ya kilo 38 ni nyepesi mno kwa hizo na imezidi mbali daraja dogo la kilo 13.6. Betri yako ya maji ya asidi haitaruhusiwa ulingoni, maana ikipinduka inamwagika, na haitaruhusiwa kwenye ndege pia. Karibu yetu kidogo, wanafunzi wa chuo cha teknolojia cha IIT Bombay huko India wana tamasha la Techfest lenye mapambano ya roboti, nako kumekuwa na daraja la kilo 60. Gharama ya kusafirisha kilo 60 kutoka Kigoma hadi Mumbai unaijua.

Lakini kuna daraja la kilo 1.36. Roboti hiyo inaingia kwenye begi la mgongoni. Betri yake ina wati-saa (kipimo cha umeme uliohifadhiwa) kumi na kitu tu, wakati mashirika ya ndege kwa kawaida yanamruhusu abiria kubeba ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 kwenye mzigo wa mkononi. Sheria, ukaguzi na mbinu zake ni zile zile za roboti kubwa. Mapambano ya daraja hili yanarushwa kwenye mtandao, na hapo ndipo baadhi ya watu walipoonekana kabla ya kuitwa kwenye televisheni. Hili ndilo ningelifanya ningekuwa na umri wako.

Na huna haja ya kusubiri nauli. Wenzako wawili watatu waliosoma nawe wakitengeneza za kwao, mnaweza kujenga ulingo hapohapo Mwanga: sanduku la mita 2.4 kwa 2.4, sakafu ya bati nene juu ya mbao, kuta na kifuniko cha polikaboneti (plastiki angavu isiyopasuka kirahisi) ya milimita 10 au tabaka mbili za milimita 6. Isiwe ile ya kuezekea yenye matundu ndani, isiwe akriliki wala kioo. Hivyo viwili vinapasuka. Mlango uwe na kitasa kinachofungwa kabla ya mtu yeyote kuwasha rimoti. Mkianza, waalike walimu wa ufundi waje waone ukaguzi unavyofanyika, siyo mapigo tu.

Ile chesisi ya kilo 38 usiikate. Toa betri uipeleke kwa fundi betri aimwage asidi mahali salama, toa stata, toa nyaya, iache ganda tupu. Iteremshe kwenye shimo. Roboti yako mpya ikiwa tayari, hicho ndicho kitakuwa kitu cha kwanza itakachokipiga, mpaka uone kama inaendelea kutembea baada ya pigo la ishirini. Nitumie picha ya ile springi ikiwa na chaki kabla hujaifunga popote.